Haikuwa Hivyo, Mwanangu

Igizo la nyimbo lililowahi kutikisa watu likifufuliwa baada ya miaka mingi, maneno ya kwanza utakayoyasikia mlangoni watu wakitoka ni ya kulinganisha. Waliokuwapo zamani husema sauti za siku hizi hazina uzito. Vijana husema kumbe hadithi hii ni yetu pia. Mmoja atalalamikia taa, mwingine atasifu ngoma. Mabishano hayo yana utamu wake na sina ugomvi nayo. Lakini hapa kwetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, igizo likigusa historia, katikati ya watazamaji huwa ameketi mtu wa namna nyingine kabisa. Hakuliona igizo lile lilipotoka mara ya kwanza, wala hahangaiki kama mwimbaji ameishika sauti au ameipoteza. Kilichomleta ni kwamba jina linalotajwa jukwaani ni la babu wa babu yake. Mtu huyo akitikisa kichwa na kusema, "Haikuwa hivyo, mwanangu," mwongozaji wa igizo ana deni kwake ambalo hana kwa mhakiki yeyote wa gazeti.

Nimelifikiria sana deni hilo tangu Mei 2022, Ngaahika Ndeenda lilipochezwa tena Nairobi, karibu miaka 45 baada ya kupigwa marufuku. Wasomaji wa Kiswahili tunalijua kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Liliandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii kwa ajili ya kijiji cha Kamirithu, Limuru, na limejaa nyimbo: za wapiganaji wa Mau Mau, za harusi, za kanisani, za walevi. Kiguunda, kibarua wa shambani, ana ekari moja na nusu ya ardhi na hati yake ameitundika ukutani. Tajiri Kioi na wenzake wanamshawishi afunge ndoa upya kanisani, anakopa benki kwa kuiweka rehani hati ile, na ardhi inakwenda. Mchaga hahitaji kufafanuliwa kisa hiki. Aliyelelewa kwenye kihamba, shamba la ukoo, akijua kwamba waliomtangulia wamezikwa chini ya migomba ileile inayomlisha, ataielewa hati ya ukutani kabla Kiguunda hajafungua mdomo.

Lakini uzito wa igizo lile haukuanzia kwenye maonyesho. Ulianzia kwenye mazoezi. Mwaka 1977 mazoezi ya Kamirithu yalifanyika peupe, mwishoni mwa wiki, watu wakiwa wametoka vibaruani na viwandani. Aliyetaka kuja alikuja, na aliyekuja hakunyamaza. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi wazee walivyoingilia kati: kijana hawezi kumjibu mtu mzima kwa maneno kama hayo, wimbo ule haukuimbwa kwa mwendo huo, kiapo hakikuliwa hivyo. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, kilicho palepale Limuru, walieleza kwa hesabu jasho lao linazalisha kiasi gani na mshahara wao unarudisha kiasi gani, na maelezo hayo yakaingia kwenye maneno ya mhusika. Hata jukwaa walilijenga wenyewe, la wazi, lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, kwa kufuata mfano uliotengenezwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa utarishi ofisini. Alianza kwa kuupanga kwa njiti za kiberiti. Hivyo siku ya ufunguzi, tarehe 2 Oktoba 1977, watu waliokaa kutazama walikuwa wameshaweka mkono wao ndani ya kazi. Ukiwauliza maoni yao kuhusu igizo, wangekuonyesha mstari walioubadilisha.

Mtazamaji mmoja hakufurahi. Tarehe 16 Novemba serikali iliondoa kibali, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akachukuliwa kwenda kizuizini. Mapema mwaka huohuo, Kampala, Byron Kawadwa, mwongozaji wa jumba la maigizo la taifa la Uganda, alikamatwa na watu wa Idi Amin na kuuawa, muda mfupi baada ya kurudi kutoka tamasha la FESTAC kule Lagos na igizo lake la nyimbo, Oluyimba lwa Wankoko. Nayataja haya pamoja kwa sababu tunaposema "maoni ya watazamaji" tunafikiria makofi na miguno. Afrika Mashariki ya mwaka ule, dola nayo ilikuwa imeketi ukumbini, na maoni yake yaliandikwa kwa hati za kukamata watu.

Sisi wa Moshi hatukuliona igizo lile hata kama tungetaka. Mpaka ulifungwa mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, ukabaki umefungwa hadi 1983. Mtu wa Himo aliyekuwa na shangazi Taveta, mwendo wa asubuhi moja, alikaa miaka bila kumwamkia. Nyimbo za Limuru zisingeweza kupita Holili.

Mwaka 2022 Ngaahika Ndeenda lilirudi katika Kenya National Theatre, likiongozwa na Stuart Nash, Mwingereza mkaazi wa Nairobi, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Jengo lenyewe lina historia yake. Mwaka 1976 igizo la Mzalendo Kimathi, la Ngũgĩ na Micere Mugo, lilipewa siku nne tu pale, huku nafasi ya heshima ikiwekwa kwa burudani za wageni, mojawapo ikiwa A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, igizo la nyimbo la Marekani kuhusu watumwa na mabwana wa Roma ya kale. Usiku wa kwanza wa Kimathi watu hawakukubali kumalizia kwenye viti. Walisimama wakaungana na waigizaji, wakatoka wakicheza hadi barabarani kuelekea Norfolk Hotel, polisi wakawazuia. Hayo ndiyo maoni ya watazamaji yaliyo wazi kuliko yote ninayoyajua katika historia ya jukwaa letu. Kwa hiyo kuliona Ngaahika Ndeenda likichezwa ndani ya kuta zilezile ni jambo la kushukuru, na waliolirudisha wanastahili heshima.

Maoni yaliyosikika zaidi baada ya maonyesho hayo ni kwamba mambo hayajabadilika: ardhi bado inaponyoka mikononi mwa wanyonge, Kioi bado yupo na kanisa bado linamkaribisha kiti cha mbele. Ni maoni ya kweli. Hata hivyo yananiacha na njaa, kwa kuwa yalikuja kazi ikiwa imekwisha. Mtu alinunua tiketi, akaketi, akaguswa, akaenda zake. Hakuna aliyemwambia mwigizaji kwamba mzee wa miaka ile hakushika fimbo namna ile. Igizo lilifufuka, sikio lake halikufufuka. Na mimi naamini sikio ndilo lililolifanya igizo la Kamirithu liwe kitu ambacho dola iliona lazima ikipelekee askari. Mwezi Machi 1982 walikuja na malori, wakalibomoa lile jukwaa la wazi. Kabla ya hapo, igizo lililofuata Ngaahika Ndeenda, yaani Maitu Njugira, la nyimbo zaidi ya themanini za makabila mbalimbali ya Kenya, kuhusu kipande na vibarua wa miaka ya 1930, halikupata kibali hata siku moja. Kilichochezwa ni mazoezi, Chuo Kikuu cha Nairobi, na maelfu ya watu wakaenda kuyatazama kwa mabasi.

Sasa turudi mlimani. Huku kwetu jukwaa halijawahi kukosekana, ila halijengwi kwa saruji. Lipo kanisani na shuleni. Wamisionari wa Leipzig walituachia kwaya za tarumbeta, na leo harusi ya Kilutheri bila matarumbeta watu huiona pungufu. Igizo la Krismasi hutazamwa na umati ambao jumba lolote la Dar es Salaam lingeuonea wivu, kwa sababu Desemba kila Mchaga hurudi nyumbani. Watani wetu husema tunakwenda kuhesabiwa. Aliyetoka Mwanza, aliyetoka Nairobi, aliyetoka Oman, wote huketi benchi moja na mama zao. Na watu hawa husema. Herode akiwa mpole mno, utasikia. Mchungaji wa kondoo akivaa viatu vya michezo, utasikia zaidi.

Shuleni tulicheza Kinjeketile. Kizazi kizima cha Watanzania kilijifunza historia ya Majimaji kwa tamthilia hiyo ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, kwa ngoma yake, kwa kupagawa kwa Kinjeketile, kwa njaa ya Bi Kitunda. Ni kazi kubwa na naipenda. Lakini kijana wa Old Moshi au Kibosho anayeicheza anapaka usoni masizi ya vita vya watu wa Rufiji na Matumbi vya 1905, huku juu ya shule yake, kwenye mteremko uleule, pana mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga watu wa ukoo wake miaka mitano kabla ya hapo. Wazazi wanaokuja kutazama mahafali hupiga makofi kwa Kinjeketile, kisha njiani wakirudi huuliza: na Meli je?

Meli alirithi umangi, yaani utawala, wa Moshi kwa baba yake, Rindi, aliyefariki 1891. Mwezi Juni 1892 majeshi yake yaliwashinda Wajerumani na kamanda wao, Albrecht von Bülow, akafia vitani. Mwaka uliofuata gavana von Schele alikuja mwenyewe na jeshi kubwa, na Moshi ikaanguka. Tarehe 2 Machi 1900, Kapteni Kurt Johannes akiwa mkuu wa boma, Meli alinyongwa Tsudunyi, Old Moshi, pamoja na wengine 18. Walikuwamo Mangi Molelia wa Kibosho, Mangi Ngalami wa Siha, viongozi wa Meru na wa Waarusha. Masimulizi ya Old Moshi yanasema Meli alikaa kitanzini saa nyingi bila kukata roho. Yanasema pia kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mnyaka Sururu Mboro, aliyetoka huku mlimani kwenda Ujerumani mwaka 1978, ameeleza mara nyingi jinsi bibi yake alivyomtuma asirudi bila kichwa hicho. Tangu wakati huo amekuwa akikidai.

Mtu wa jukwaa akisikia habari hii, mkono unamwasha. Yote yapo: baba na mwana, ushindi, usaliti, mti, wimbo wa maombolezo. Na hapo ndipo yule mtu wa "haikuwa hivyo" anapoanza kazi, kwani Kilimanjaro haikuwa na mangi mmoja. Mwaka 1891 Wajerumani walipompiga Sina wa Kibosho, Rindi wa Moshi alikuwa upande wao. Miaka tisa baadaye mwana wa Rindi, Meli, na mwana wa Sina, Molelia, walinyongwa siku moja. Kuna pia Marealle wa Marangu, rafiki wa boma, ambaye Moshi na Kibosho humtaja kuwa ndiye aliyewachongea wenzake kwa Johannes. Peleka igizo hilo Old Moshi, watu watalia. Lipeleke Marangu, ukumbi utakaa kimya kwa namna ambayo mwongozaji mgeni ataidhani ni heshima. Lipeleke Kibosho, mtu atasimama kuuliza kwa nini Molelia amepewa mistari michache hivyo. Mtu wa Siha atauliza kama Ngalami alikwenda pale kubeba mzigo.

Msomi anaweza kusema hayo ni mambo ya koo, sanaa haiwezi kufungwa nayo. Ana hoja, na Ebrahim Hussein mwenyewe alijikinga mapema: alieleza katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa ubunifu, ingawa anafanana na mtu wa historia. Bila uhuru huo asingeweza kuandika ule mwisho ambapo mtu aliyeshindwa anakataa kulikana neno lake. Mwandishi wa Meli anahitaji uhuru huohuo. Tena wazee nao hukosea. Hupunguza aibu za upande wao, hurefusha ushujaa, na mama aliyekwenda kuteka maji wakati mabwana wanapigana husahauliwa na wote kwa usawa. Sisemi mwandishi awe karani wa baraza la ukoo.

Ninachosema ni kwamba miguno hiyo isipokewe kama kero za watu wasioelewa jukwaa. Huo ni ushahidi unaotolewa mahali pekee uliposalia. Kesi ya mwaka 1900 iliendeshwa na washtaki waliokuwa pia mahakimu, na kumbukumbu zake zimeandikwa kwa Kijerumani. Mjukuu anayenung'unika kwenye benchi anatoa ushahidi ambao mahakama ile haikuutaka. Ukimwambia anyamaze kwa kuwa onyesho linaendelea, umekaa upande gani wa meza?

Wapo waliojaribu kusikiliza. Konradin Kunze wa kundi la Flinn Works la Berlin alishirikiana na Sarita Mamseri na mchoraji Amani Abeid wakaandaa Mangi Meli Remains, maonyesho yenye filamu ya michoro, na mwezi Machi 2019 yakafika Old Moshi, karibu na mti wenyewe wa kunyongea. Halikuwa igizo la nyimbo. Lakini hadithi ililetwa mbele ya macho ya wenyewe, na wenyewe wakaja: wazee wa ukoo, wanafunzi, watu wa Kidia na Tsudunyi. Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kuonyeshwa kwake Berlin. Miaka minne baadaye, Septemba 2023, taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vya baadhi ya mafuvu ya Kilimanjaro vimelingana na watu walio hai, likiwamo fuvu la Akida, mshauri wa Meli. La Meli halikuwamo. Kwa hiyo atakayelipeleka igizo hili jukwaani atakuwa anacheza mbele ya familia ambazo bado zinasubiri kuzika. Katika hali hiyo, suala la saa zile nyingi za kitanzini si suala la urefu wa onyesho. Mwongozaji atataka kulikata tukio hilo kwa sababu watu watachoka. Bibi wa mstari wa tatu atataka lisikatwe, kwa sababu kuchoka ndiko kulikotokea pale.

Nyimbo ndizo zinazonipa imani kuliko kitu kingine. Katika maneno ya kawaida kila upande una toleo lake, na matoleo hayapatani. Kwenye wimbo wa msiba watu wa Kibosho na wa Moshi wamekuwa wakisimama pamoja kwa vizazi, kwenye mazishi ya wakwe na ya watani, kila mmoja akiimba kwa Kichaga chake. Kimochi si Kimachame, Kirombo kina mambo yake, na wimbo mmoja ukiimbwa na wote husikika ukipishana kidogo, kama mifongo miwili, mifereji yetu ya maji, inayokutana chini ya daraja. Nairobi walitatua suala la lugha kwa kutenga siku: leo Kikuyu, kesho Kiingereza. Mlimani ningependa lisitatuliwe. Hadithi iende kwa Kiswahili ili Mmeru, Mwarusha na Mpare waifuate, na kila mangi aombolezwe kwa lugha ya kwao, bila kufasiriwa. Mtu wa Siha asikie Ngalami akililiwa kwa Kisiha, na wengine wote ukumbini wakubali kwa dakika chache kwamba hawakuelewa kila neno.

Na mazoezi yawe wazi. Hili ndilo ningelipigania kuliko fedha za taa. Yafanyike Desemba, watu wakiwa wamerudi, Jumapili baada ya ibada, uwanjani, si katika ukumbi wa hoteli mjini. Yaanzie Marangu, penye ugumu, kabla ya Old Moshi penye makofi ya hakika. Mzee wa Marangu apewe kiti na aulizwe babu zake walisimulia nini kuhusu Johannes na Marealle, na akisema jambo ambalo Moshi haijapata kulisikia, mwandishi aliandike hata kama litaharibu tukio zuri alilolitunga. Halafu apande Kibosho na daftari lilelile. Akirudishwa mara tatu kwa sababu ya mistari ya Molelia, arudi mara ya nne. Watu wetu wanajua kupeleka jani la isale kwa waliyemkosea, na wanajua kwamba aliyepelekewa jani hilo hawezi kulikataa. Sioni kwa nini kikundi cha maigizo kisianze kazi yake kwa kulipeleka katika kila nyumba ambayo mtu wake alikuwa chini ya mti ule, na katika ile inayosemwa kwamba mtu wake alikuwa bomani.